Kona ya Kushoto

Kulia linaingia kama sindano kwenye kitenge.
Kushoto linagoma.
Nazungusha rimoti hadi mwisho, na bado pua
inakwenda inakotaka yenyewe,
kwenye vipande vya mpira wa maji tulivyopanga
uani mwa ghala la mabati, Chang'ombe,
kila Jumapili baada ya lori la mwisho kutoka.

Lutufyo, anayeokota magari yaliyopinduka
kwa mia tano na soda,
ameshakariri mahali langu linapolala.
Husimama hapo mapema, ananisubiri.

Wiki ya kwanza nililaumu lami.
Ya pili nikaongeza kasta digrii mbili,
usukani ukawa mzito wa kurudi, kama mtu
anayejibu salamu bila kukutazama.
Ya tatu, washa: moja ya nusu milimita
chini ya kiungo cha mkono wa juu,
nikaitoa, nikaweka mbili, nikatoa zote.
Vidole vya matairi nikavifungua nje
hadi gari likasimama kibata.
"Jaribu springi laini," Jignesh akasema,
na la kwake likapita kimya,
likikata kushoto kama anayefunua ukurasa.

Usiku, Tabata, vyombo vikishaoshwa,
naliweka juu ya meza ya kulia chakula,
uso dirishani. Uzi mweusi, nati ya nane chini yake:
timazi. Nati ikitulia nahesabu
upana wa mwanga kati ya uzi na tairi.
Juu ndani kidogo, chini nje kidogo,
kama mchukuzi anayetanua miguu kabla ya gunia.
Digrii moja na nusu kushoto.
Digrii moja na nusu kulia.
Nikapima mara tatu. Nikapima
na kalipa niliyoazima kiwandani.
Uzi hausemi uongo, nikasema kwa sauti,
na kweli, haukusema.

Zawena akapita na sufuria. Akasimama.
"Hapo ndipo unapopimia?"
Ndipo.
"Kwenye meza ambayo supu
inakimbilia upande mmoja mwaka wa nne huu?"

Sikumwelewa. Akachota kijiko cha maji,
akamimina kwenye sahani, akaiweka kando ya gari.
Maji yakafikiri. Yakajikusanya kushoto,
yakawa ukucha mwembamba ukingoni.

Aprili ile ya mafuriko
tulipandisha juu yake godoro, cherehani, na mtoto,
nayo ikasimama ndani ya maji siku mbili.
Miguu ya kushoto ilikunywa, ikaoza kwa chini,
ikafupika bila kumwambia mtu.

Basi uzi ulikuwa sawa, macho yangu sawa,
na gari likatoka mikononi mwangu limepinda
kwa usahihi mkubwa.

Fundi marumaru wa mtaa wa pili akanipa kipande
kilichovunjika pembe. Nikakilaza sakafuni
(sakafu nayo imeelekezwa mlangoni, maji yatoke),
nikachomeka karata chini yake, moja, nyingine,
jike la kopa, saba ya uru,
hadi maji ya Zawena yakakubali kukaa katikati.
Ndipo nikaliona tairi la kulia
limesimama wima kama mlinzi wa benki.
Robo zungu. Robo zungu tena. Likainamia ndani.

Jumapili likakata kushoto.
Si kama la Jignesh. Kama langu.
Lutufyo alikaa pale pake mizunguko sita
mikono mitupu, akinitazama
kama mtu aliyefungiwa duka.
Wa sita betri ikachoka; nikawa wa tatu,
na soda nikamnunulia hata hivyo.

Meza sijaitengeneza.
Zawena ameuliza mara moja tu.
Naweka kidole gumba chini ya ukingo wa sahani,
nainua kidogo,
tunakula.